Nimekonda, kikoba kinanong'ona

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri miaka 38, nauza mchele na maharage Mwanjelwa hapa Mbeya. Mume wangu ni dereva wa lori, anapiga Dar na Tunduma. Nyumbani anaonekana siku nne tano, halafu anapotea wiki mbili. Nakuandikia usiku watoto wamelala, maana mchana sina wa kumweleza haya akanielewa.

Mwezi wa nne kichwa kilinisumbua wiki nzima, nikaenda kituo cha afya. Foleni ilijaa mpaka nje. Mizani yao iko pale pale mbele ya benchi la wagonjwa. Nilipopanda, nesi akasoma kwa sauti, "Tisini na nne!" Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mama, hii presha unaitafuta mwenyewe. Punguza kula." Benchi zima likacheka, Shangazi, na wawili kati yao ni wateja wangu. Presha ilisoma 152 kwa 96. Urefu waliandika sentimita 158. Nikapewa vidonge vya mwezi mmoja nikaondoka. Hakuna aliyeniambia nipunguze nini wala nile nini. Vidonge vilipoisha sikurudi. Nikiikumbuka ile mizani miguu inagoma.

Ila maneno yaliniingia. Nikaanza mwenyewe. Asubuhi maji ya moto na ndimu, nilivyoona kwenye grupu la WhatsApp. Mchana sili. Jioni ugali kiduchu na mboga. Bajaji nikaachana nayo, sokoni naenda na kurudi kwa miguu. Rafiki yangu mmoja, nimwite Mama K, alikuwa ananisindikiza, tunapiga soga mpaka tunafika bila kujua. Miezi mitatu sasa, nimefika kilo 87. Sketi zinanivuka. Kichwa kimetulia, ingawa kuna siku nikiinuka ghafla sokoni naona giza, nashika gunia mpaka lipite.

Shida ndipo ilipoanzia. Niko kwenye kikoba cha akina mama 22, mwaka wa sita huu. Shangazi, hawa si watu wa kununua hisa tu. Mwanangu alipolazwa, mfuko wa jamii ndio uliolipa. Baba yangu alipofariki walikodi Coaster, wakalala chini kwenye mikeka siku tatu msibani. Tunakutana kila Jumapili kwa zamu, na mwenye zamu anapika: pilau, nyama, chapati, soda kreti mbili. Asiyekula kwa mwenyeji anaonekana anaringa, au anaogopa kulishwa kitu.

Jumapili moja nilijipakulia kidogo, nikaweka kachumbari nyingi. Mwenzangu mmoja akaja na upawa akanimwagia mawili ya pilau juu ya kachumbari, akasema, "Ongeza bwana, usituletee mambo." Wakacheka, nikacheka. Baadaye nasuuza vyombo uani nikasikia dirishani, "Huyu keshaanza CTC, wala usibishe. Na mume ni dereva." Mwingine akasema, "Na Mama K naye nasikia wanaongozana." CTC, Shangazi, kliniki ya dawa za virusi vya UKIMWI! Sufuria iliniponyoka. Tangu siku hiyo Mama K hatembei na mimi. Mara mtoto anaumwa, mara kuna baridi. Mbeya ni lini hakuna baridi?

Nyumbani nako si afadhali. Mama mkwe alishuka kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi na ndoo ya maziwa ya mgando. Alinishika kifundo cha mkono, akakizungusha vidole, akauliza, "Mwanangu amekosa cha kukulisha?" Mume wangu aliporudi akaniambia, "Nilikuoa na mwili wako. Huo mwingine unaupeleka wapi?" Usiku taa imezimwa akaongeza, "Nikiwa njiani huwa unafanya nini?" Sikumjibu. Nililia kimya.

Sasa mweka hazina wetu anauza chai ya kukata tumbo, boksi elfu arobaini na tano. Ananiambia ninunue hata nisipoinywa, watu wajue nimekonda kwa chai, maneno yatakwisha. Wakati mwingine naona ana akili. Wakati mwingine nafikiria kwenda na cheti changu. Nilipima mwezi uliopita, sina virusi. Niwasomee wote pale, waone haya. Au nitoke kwenye kikoba mwezi wa kumi na mbili tukivunja. Au niache haya yote, nile kama zamani, nirudi mwili wangu ambao haukuwa na maneno.

Zamu yangu ya kupika ni Jumapili ya tatu kutoka leo. Nisaidie.

Mama Wawili, Mwanjelwa

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na pole tena kwa ile sufuria. Ningekuwa mimi huenda ningeitupa dirishani.

Ngoja nikurudishie nilichokielewa, uone kama tuko pamoja. Hukuniuliza jinsi ya kupunguza mwili, hilo umeliweza, tena kwa njia ngumu kuliko ilivyohitajika. Unaniuliza utaishi vipi katikati ya watu ambao ndio mkeka wako siku ya msiba, na ndio hao hao wanaousoma mwili wako kama tangazo la ukutani. Kila ukipungua kilo moja, kuna mtu anayepungukiwa na amani: mume, mkwe, rafiki, kikoba. Na wewe umechoka kuwatuliza watu wazima. Nimekosea?

Kabla hatujafika uani kwa wanaonong'ona, turudi kwenye lile giza unaloliona ukiinuka. Mimi si daktari, na hapo sitaki kujifanya. Lakini mtu aliyeandikiwa 152 kwa 96, akameza vidonge mwezi mmoja akaacha, huku anashinda na maji ya ndimu hadi jioni, huyo anatakiwa kupimwa tena, mapema, wiki hii kama inawezekana. Vidonge vya presha si kama dozi ya malaria kwamba vikiisha umepona. Kichwa kutulia nako hakuniambii kitu, kwa sababu presha ina tabia ya kukaa kimya. Huenda imeshuka kweli, huenda sivyo. Kipimo ndicho kitasema. Na ukiwa huko waombe wapime na sukari. Si lazima urudi kwenye mizani ile. Mbeya ina vituo vingi, na hata kwenye kile kile una haki ya kusema, "Naomba usome kimyakimya, unioneshe namba." Nimewahi kulisema hilo mwenyewe, sauti ikitetemeka. Nesi alishangaa, halafu akafanya.

Kuhusu yule wa kwako, sitamtetea. Nitasema tu kwamba "punguza kula" si ushauri. Ni sawa na kumwambia mtu aliyepotea njia, "Fika." Hukuambiwa kwamba mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili ya wanga kwa gramu ile ile, kwa hiyo ukipunguza mafuta, kalori zinaweza kupungua sana bila sahani kuonekana tupu. Hukuambiwa kwamba chupa moja ya soda ina sukari ya vijiko vya chai kama tisa, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri zaidi mtu mzima asivuke kama sita kwa siku nzima. Ungeambiwa hayo mawili, labda usingekuwa unashinda njaa kwenye magunia ya maharage. Tena maharage, mwanangu! Umekalia chakula chenyewe unachokitafuta. Ndimu ni nzuri kwenye samaki. Kuyeyusha mafuta ya mwilini haiwezi. Kilichokupunguza ni ile miguu na zile kalori ulizoacha.

Na kuna jambo ambalo nadhani hakuna aliyekwambia. Kutoka 94 hadi 87 ni zaidi ya asilimia saba ya uzito wako. Wataalamu wanasema mtu mwenye uzito uliozidi akipungua asilimia tano hadi kumi, presha na sukari mara nyingi huanza kuonesha tofauti. Kwa urefu wako bado uko kwenye kundi wanaloliita kiribatumbo, sitakuficha, uwiano wa uzito na urefu wako ni kama 35 na mstari wao uko kwenye 30. Ila huna deni la kukonda mpaka uwe mwembamba. Nimeona ukiandika kana kwamba safari bado ni ndefu sana na watu tayari wamechachamaa. Yawezekana sehemu kubwa ya faida umeshaipata, na kinachobaki ni kuishikilia. Hilo waulize watakaokupima.

Sasa mama mkwe na vile vidole vyake.

Mimi nimezaliwa Iringa. Mwaka 1973 nilikuwa kabinti, nakumbuka mama akienda jioni kwenye kikundi cha kusikiliza redio. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima watu karibu milioni mbili walikaa hivyo, vikundi vikundi, redio katikati, kitabu kidogo mkononi, wakisikiliza kisha wakibishana: choo tuchimbe wapi, mbu tuwafanyeje. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai. Halafu kuanzia 1983 Iringa ikawa na mradi mkubwa wa lishe, siku ya kupima watoto kijiji kizima kinajua. Kadi ya kliniki ilikuwa na rangi: nyekundu mtoto yuko hatarini, kijivu anayumba, kijani mama unashangiliwa. Tulifundishwa vizuri, mwanangu, tukafaulu. Tulichofundishwa ni kwamba uzito ukipanda, mambo ni mazuri. Na somo halijapitwa na wakati kwa watoto. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, asilimia 56.9, katika nyanda hizi hizi zinazolisha nchi. Lakini kwa watu wazima hakuna aliyetuambia kwamba kadi ina upande wa pili. Mwaka 2004 hivi, wanawake 18 kati ya 100 nchini walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Kufika 2015 walikuwa 28. Mkweo alipokushika mkono alikuwa anasoma kadi anayoijua. Kwake ulikuwa umetoka kijani.

Juu ya hapo weka makaburi. Wewe una miaka 38, ulikuwa mtoto miaka ya tisini. Sisi tulikuwa tunabeba majeneza. Mtu alikuwa anaanza kukonda hivi hivi, sketi ikimvuka, na mwisho wake tulikuwa tunaujua. Hata leo mikoa yetu ndiyo iko juu: utafiti wa 2022-2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima wenye maambukizi, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Kwa hiyo aliyesema "keshaanza CTC" alikuwa mmbea, ndiyo, lakini pia alikuwa anaongea lugha ambayo huku kwetu tumeijifunza kwa machozi. Bahati mbaya lugha yenyewe imepitwa. Siku hizi anayemeza dawa zake vizuri huenda akanenepa kukushinda wewe. Huwezi kumjua mtu kwa shavu.

Hapo ndipo naomba tutulie kidogo kwenye wazo lako la kusoma cheti. Nalielewa. Kuna utamu fulani wa kuwaona watu wakiinamisha vichwa. Lakini fikiria chumba chenyewe: wanawake 22, katika mkoa ambao kwa wastani karibu mmoja kati ya kumi ana virusi. Huenda ndani ya hicho kikoba kuna mwenzako au wawili wanaomeza dawa kimya kimya, pengine ni yule aliyekukodia Coaster. Siku utakayosimama na kusema "mimi sina, tazameni," yeye atasikia nini? Na mwingine akikonda mwakani kwa vidonda vya tumbo, ataombwa cheti? Sheria yetu ya UKIMWI ya 2008 ilifanya majibu haya kuwa siri ya mtu, na nadhani ilikuwa na hekima. Sikwambii usifanye. Nakwambia cheti kinajibu swali ambalo hawakuwa na haki ya kuliuliza, na ukishalijibu umewapa haki hiyo. Kumwonesha mume wako ni habari nyingine, nitarudi hapo.

Chai, kwa ufupi. Nyingi za namna hiyo zina majani ya kuharisha. Kinachotoka ni maji, mafuta yanabaki. Nyingine duniani zimekutwa zimefichwa dawa iitwayo sibutramini, ambayo Ulaya na Marekani iliondolewa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na presha. Yako sijui ina nini, na mweka hazina wenu hajui pia. Kwa mtu wa 152 kwa 96, mimi ningeliacha boksi dukani. Ile akili ya kuinunua bila kuinywa imenichekesha, nakiri. Ila itazame vizuri: umetembea miezi mitatu kwenye baridi ya Mbeya, halafu sifa iende kwa boksi. Na wenzako watainunua kwa ushahidi wa mwili wako.

Kutoka kwenye kikoba, je? Inawezekana, na kuvunja mwezi wa kumi na mbili ndio wakati wa heshima. Watu hutoka. Utapumua. Utaacha kula pilau kila Jumapili. Lakini umeniandikia mistari miwili kuhusu pilau na mistari mitano kuhusu mfuko wa jamii na mikeka, kwa hiyo naona moyo wako uko wapi. Kuna wataalamu wawili wa Marekani, Christakis na Fowler, waliochunguza watu 12,067 wa mji wa Framingham na jamaa zao kwa miaka 32. Mwaka 2007 wakaandika kwamba rafiki wa mtu akinenepa kupita kiasi, uwezekano wa mtu huyo naye kunenepa ulipanda kwa asilimia 57, kuliko hata kwa ndugu au mume. Wapo waliowabishia, wakasema marafiki huchaguana kwa kufanana na huishi mazingira mamoja. Mabishano hayo niliyasoma nikiwa na andazi mkononi, kwa hiyo usinione mtakatifu. Kilichonibakia ni swali: kama tabia ya kula inapita kwa marafiki, inaruhusiwa kupita upande mmoja tu? Wewe na Mama K mlipokuwa mnatembea, hakuna aliyehubiri. Soga ndiyo iliyokuwa inawatembeza. Huo nao ulikuwa msaada, tena wa daraja la kwanza, na ndio ulioupoteza ukalia kidogo kuliko ulivyolilia maneno ya dirishani.

Nikuulize kwa upole: una hakika ni kikoba kizima? Ulisikia sauti mbili. Wengine kumi na tisa umewajazia maneno mwenyewe. Na yule mwenye upawa, una hakika alikuwa anakudhihaki? Inawezekana. Inawezekana pia aliogopa, na mwanamke wa kwetu akiogopa anapakua. Nami nimefanya hivyo kwa dada yangu, sikujua neno jingine.

Mmoja wa hao kumi na tisa anaweza kujua kuhusu presha. Yule unayemwamini kuliko wote, hata kama ni Mama K mwenyewe. Presha si aibu, na nakuhakikishia kwenye wanawake 22 hauko peke yako. Ungemwambia, "Dada, nilikutwa na presha 152, nimeogopa, natembea kwa ajili hiyo, naomba Jumapili ukae karibu yangu wakati wa kupakua." Umeona tofauti? Unamwomba kitu chenye ukubwa wa sahani. Watu wengi wanaotupenda hawajui watusaidie vipi, kwa hiyo wanatusaidia kwa pilau. Hatari ipo, anaweza kulibeba likafika dirishani. Lakini hata likifika, litakuwa limefika la kweli.

Na mwenyekiti? Vikoba vingine humwalika mhudumu wa afya ngazi ya jamii kupima presha za wanachama. Ni kile kile cha mama yangu na redio, watu wanasikia pamoja halafu wanaamua pamoja. Kingeweza kukutoa kwenye kiti cha peke yako. Ila mkifanya hivyo, kila mtu apimwe chumbani, namba aijue mwenyewe. Sanduku lenu la hisa lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, hakuna anayeligusa peke yake. Miili yenu mmeiacha wazi mezani.

Mume wako nimemwacha makusudi, kwa sababu sijui kilichomo kwenye swali lake la gizani. Laweza kuwa tuhuma. Laweza kuwa hofu ya mtu anayelala kwenye kabini siku kumi na nne, anayerudi akakuta mke anayebadilika bila yeye kuwepo. Laweza kuwa mtu anayejijua. Ungeweza kumpa karatasi ya kituo cha afya aisome mwenyewe, 152 kwa 96, mchana, si gizani. Cheti chako cha pili nacho ni cha kwenu wawili, na mkienda kupima pamoja akiwa nyumbani, hamjamkosea mtu. Kama ukiona anakutisha, kama swali linageuka mkono, hilo si la kula wala kukonda tena, na uniandikie upesi, au umwone mtu wa ustawi wa jamii hapo Mbeya. Kama hakuna hilo, huenda ukamwomba atembee na wewe siku anazokuwepo. Madereva wana vitambi, na wake zao wanajua.

Kurudi kula kama zamani? Ni njia pia, sitajifanya haipo. Itanyamazisha dirisha. Sijui kama itanyamazisha kichwa chako wakati wa usiku.

Imebaki Jumapili ya tatu, ambayo wewe uliiweka mwishoni mwa barua kama jambo dogo. Siku hiyo upawa utakuwa mkononi mwako. Unaweza kupika pilau ile ile ili usianze maneno mapya, ukapunguza mafuta nusu, na naapa hakuna atakayejua ukikaanga vitunguu vizuri. Unaweza kupika wali wa Kyela kutoka kwenye gunia lako, maharage yako, chainizi, parachichi la Rungwe kipande kipande maana nalo lina mafuta mengi ingawa mazuri, samaki wa Ziwa Nyasa kama mfuko unaruhusu. Soda ukaweka kreti moja, na maji mengi, na chai ya tangawizi kwa baridi hii. Hatari yake unaijua: "Amefilisika." Labda ulitangulie, uwaambie ukicheka kwamba daktari amekukataza mafuta na wewe hukubali kukatazwa peke yako. Au usiseme kitu. Mkungu wa mama mkwe nao bado upo? Ukimpigia simu umuulize anavyozipika zile ndizi kwa maziwa, atajua mwenyewe kwamba hajafukuzwa jikoni.

Usisubiri siku hiyo kula mchana. Anza kesho, hata kande sahani ndogo.

Uniandikie baada ya hiyo Jumapili. Nataka kujua presha ilisomaje, ulipika nini, na nani aliyeomba kuongezewa.

Shangazi